Mazoezi ya nguvu kwa wachezaji wa besiboli: maswali ya wachezaji, walimu na wazazi

Besiboli bado ni mchezo mchanga hapa kwetu. Kijana wa Arusha au Moshi anayeuanza mara nyingi ametokea kwenye soka au riadha: miguu anayo, ila mkono haujazoea kurusha. Nimeandika kwa kirefu pale panaponiuma zaidi, yaani viwiko vya watoto vinavyoharibika ilhali vingeweza kulindwa.

Kwa nini mrushaji afanyishwe mazoezi ya miguu wakati kazi ni ya mkono?

Kwa sababu kasi ya mpira haianzii mkononi. Mrushaji yuko mita 18.44 kutoka kwa mpigaji, na mpira wenyewe una gramu 142 hadi 149 tu. Mguu wa nyuma unasukuma ardhi, nyonga zinageuka, kiwiliwili kinafuata, ndipo bega linapokea ile nguvu na kuifikisha vidoleni. Nyonga zikikakamaa, au misuli ya tumbo na mgongo ikiwa legevu, mkono unalazimika kujaza pengo. Anayeumia hapo ni ligamenti ndogo, yaani utepe unaoshikanisha mfupa na mfupa, iliyo upande wa ndani wa kiwiko.

Ligamenti hiyo ndiyo iliyokatika kwa Tommy John, mrushaji wa timu ya Marekani ya Los Angeles Dodgers. Mwaka 1974 daktari Frank Jobe alimwekea kano iliyotolewa kwenye mkono wake mwingine, na hadi leo upasuaji huo unaitwa kwa jina la mchezaji huyo. Kupona baada ya upasuaji huo huchukua mwaka au zaidi. Ni afadhali mara mia kupiga skwati, yaani kuchuchumaa na kuinuka.

Shule yetu haina jimu wala vyuma. Tuanzie wapi?

Kwa fundi baiskeli. Mwombeni tyubu kuukuu, mkate kwenye valvu ili iwe kamba ndefu, kisha mwifunge kwenye nguzo ya goli, kimo cha kiwiko. Simama ubavu kwa nguzo, mkono wa kurushia ukiwa upande wa mbali na nguzo. Kunja kiwiko, kibane ubavuni, na katikati weka kitambaa kilichokunjwa. Kikidondoka ujue umekosea. Sasa vuta tyubu kwa kuzungusha mkono kwenda nje, polepole, halafu urudishe polepole zaidi. Mara 15, upumzike, urudie tena.

Kule kurudisha polepole ndiko kwenye faida, na ndiko vijana wanakokuruka. Mpira ukishaachiwa, mkono bado uko kasini, na misuli midogo ya nyuma ya bega ndiyo breki yake. Tyubu hiyohiyo ivute kwa mikono miwili kuja kifuani mpaka makombe ya mabega yakaribiane.

Kwa miguu, piga skwati, piga hatua ndefu ukishuka hadi goti la nyuma likaribie chini, na ufanye hivyo hivyo kwa upande. Ikizoeleka, kumbatia dumu la lita 5 lililojaa maji. Hizo ni kilo 5 tayari. Planki ya mbele na ya ubavu, yaani kujishikilia kwa viwiko mwili ukiwa umenyooka, zisikosekane. Siku 2 au 3 kwa wiki zinatosha, zisifuatane.

Neno kwa walimu wa michezo: ukanda wetu unasifika kwa wakimbiaji wa masafa marefu, na nadhani ndiyo maana tunapenda kuwapeleka watoto barabarani kilomita nyingi. Kwenye besiboli mchezaji hukimbia kutoka kituo kimoja cha uwanjani hadi kingine, na hapo katikati ni mita 27.43 tu. Wapeni mbio fupi za kasi, wapumzike vizuri, warudie.

Mwanangu ana miaka 13. Vyuma havitamzuia kurefuka?

Hapana, mama. Mazoezi ya nguvu yenye usimamizi hayadumazi mtoto. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli na mifupa walau siku 3 kwa wiki. Hatari ni yale makopo yaliyojazwa zege, vijana wakishindana nani atabeba zaidi bila mtu mzima karibu. Aanze na uzito wa mwili wake. Akiweza skwati 15 bila magoti kuingia ndani, aongezewe kidogo.

Kinachonitia hofu kwa umri wake ni mirusho. Karibu na ncha za mifupa ya mtoto pana gegedu laini ambalo mfupa unakulia. Kila mrusho unalivuta gegedu la upande wa ndani wa kiwiko, na asipopumzishwa linavimba, hata kubanduka.

Basi arushe mara ngapi?

Marekani, ligi kuu ya besiboli na USA Baseball, chama cha taifa cha mchezo huo, wameweka mwongozo. Mrushaji wa miaka 13 hadi 16 asizidishe mirusho 95 kwa siku, wa miaka 17 na 18 asizidishe 105. Mwenye miaka 13 au 14 akifikisha mirusho 66, apumzike siku 4. Hivyo ni vikomo vya juu. Anayeanza abaki chini kabisa ya hapo. Aliyerusha asigeuzwe mdakaji, yule anayedaka mpira nyuma ya mpigaji, siku hiyohiyo, na kwa mwaka apate miezi 4 bila kurusha.

Nawasihi walimu: mpeni mwanafunzi mmoja daftari ahesabu. Mashindano ya siku 3 yenye mrushaji mmoja hodari ndiyo yanayomaliza mikono, kwa kuwa kila mtu anamtaka yeye.

Asubuhi za Juni na Julai ni baridi. Tufanyeje?

Msianze kwa kurusha. Kimbieni taratibu, zungusheni mabega na nyonga mpaka jasho jepesi litoke, kisha rushianeni kwa karibu mkiongeza umbali kidogo kidogo.

Tule nini?

Chakula cha nyumbani. Ugali na maharage, mtori wenye nyama, dagaa, mayai, maziwa. Chai na andazi peke yake havitoshi kwa mtu anayejenga misuli. Unga wa protini wa makopo hamuuhitaji.

Kiwiko kinauma. Nichue, nimeze diklofenaki, nicheze?

Usifanye hata moja kati ya hayo. Misuli kuchoka na kukaza kwa siku moja au mbili ni kawaida. Maumivu yanayochoma ndani ya kiwiko au juu ya bega, kushindwa kunyoosha mkono, uvimbe, ganzi kwenye kidole cha mwisho: hapo acha kurusha siku hiyohiyo. Diklofenaki itakuficha maumivu huku jeraha likikua, na kuchua kiwiko cha mtoto kunaweza kuliongeza. Nenda hospitali, Moshi kuna fiziotherapia kwenye hospitali ya KCMC, na Arusha anzia Hospitali ya Mkoa ya Mount Meru. Nenda na lile daftari la mirusho, maana daktari atataka kujua umerusha mara ngapi na lini.