Mgonjwa wa ALS anapobadilika tabia

Ndugu wa mgonjwa wa ALS wakiniomba tuzungumze pembeni, mara nyingi si kuhusu mikono wala miguu. "Daktari, tumefiwa na mdogo wake, yeye anaulizia soda tu." Nyumbani wanaona ni ukaidi, au dharau. Mimi nawaza sehemu ya mbele ya ubongo.

ALS, aina kuu ya magonjwa ya niuroni za mwendo, huua seli za neva zinazoendesha misuli: mkono hulegea, ulimi huwa mzito, mwishowe pumzi. Tangu daktari wa neva Charcot alipoueleza kule Ufaransa katika karne ya 19, madaktari wengi walifundishwa kwamba akili haiguswi. Inaguswa. Takriban nusu ya wagonjwa hupata mabadiliko ya fikra au tabia, na asilimia 10 hadi 15 hufikia dimensia, yaani kudhoofika kwa akili, ya sehemu za mbele na pembeni za ubongo. Mwaka 2006 protini ileile, TDP-43, ilikutwa imerundikana katika magonjwa yote mawili. Mwaka 2011 ikajulikana hitilafu ya jeni C9orf72: katika ukoo mmoja, huyu anapata ALS, nduguye dimensia, mwingine vyote viwili.

Kinachowachanganya watu ni kumbukumbu. Mgonjwa anakumbuka tarehe ya kliniki, deni la dukani, majina ya wajukuu wote. Kinachopungua ni kuanzisha jambo, kupanga, na kusoma hisia za mwenzake. Nampa herufi S, ataje maneno kwa dakika moja. (K haifai kabisa kwa Kiswahili: kula, kulala, kupika, dakika imekwisha.) "Sabuni, sukari, samaki," kisha kimya kirefu, ananitazama bila wasiwasi wowote. Halafu namwomba ayasome kwa sauti maneno yaleyale, napima muda huo na kuutoa katika ile dakika moja, ili uzito wa ulimi usihesabiwe kuwa uzito wa fikra. Asiyeweza kusema huandika, kisha hunakili. Ndivyo ECAS, kipimo kilichotungwa Edinburgh, kinavyofanya.

Kulia au kucheka ghafla bila sababu ni jambo jingine. Hapo zimeharibika njia za neva zinazodhibiti sura na sauti. Si lazima awe na huzuni, na dawa ya amitriptilini huweza kusaidia. Tena kabla sijataja dimensia huuliza habari za usingizi. Misuli ya kupumua ikichoka usiku, kaboni dioksidi hupanda, naye huamka kichwa kinamgonga na fikra nzito. Hilo mashine ya kusaidia kupumua inaweza kulipunguza.

Uamuzi kuhusu mashine hiyo na mpira wa kulishia tumboni nataka ufanywe mapema, angali anaweza kupima mwenyewe faida na hasara. Asiyejali tena huvua barakoa ya mashine, na mke anaishia kugombana naye saa nane za usiku. Mke huyo namshauri aache maelezo marefu: sentensi fupi, machaguo mawili tu, ratiba ileile kila siku.