Stadi za Kihisia Hazikai Ndani ya Kipindi Kimoja

Wakuu wa shule ninaowashauri kuhusu programu za stadi za kijamii na kihisia, yaani stadi za kuzitambua na kuzitawala hisia na kuishi vizuri na wengine, huniuliza kwanza kama programu hizo zinasaidia kweli. Huwajibu kwamba kwa wastani zinasaidia, ila wastani huo umefunika tofauti kubwa sana kati ya shule na shule, na tofauti hiyo ndiyo inayostahili kuchunguzwa kabla ya kununua kitabu chochote cha mazoezi.

Mwaka 2011 mwanasaikolojia wa Marekani Joseph Durlak na wenzake walichapisha uchambuzi wa tathmini za programu 213 zilizohusisha wanafunzi 270,034, kuanzia chekechea hadi sekondari. Walioshiriki waliwazidi wenzao katika stadi zenyewe, wakapunguza ugomvi na msongo wa mawazo, na hata masomoni walipiga hatua: mwanafunzi wa kawaida, ambaye angewazidi wenzake 50 katika kila 100, sasa angewazidi takribani 61. Takwimu hii hupendwa mno na wauzaji wa programu, ambao kwa nadra hutaja kwamba ni sehemu ndogo tu ya tathmini hizo iliyopima ufaulu wa masomo.

Ambalo halitangazwi sana katika uchambuzi huohuo ni masharti ya mafanikio. Programu zilizofanya vizuri zilikuwa na somo linalojengwa juu ya lililotangulia, mazoezi ya vitendo badala ya mihadhara, muda uliotengwa mahsusi, na lengo lililotajwa wazi. Isitoshe, ufaulu wa masomo ulipanda pale tu programu ilipoendeshwa na watumishi wa shule wenyewe.

Sioni ajabu katika hilo. Mtoto hahitaji kuitawala hasira yake wakati wa kipindi, ambapo wote wametulia na mwalimu anauliza maswali yenye majibu yanayojulikana. Anaihitaji stadi hiyo anaponyang'anywa mpira, anapochekwa kwa kukosea kusoma, au anaposhutumiwa kwa kosa la mwenzake. Katika PATHS, mojawapo ya programu za stadi hizi, watoto wadogo hufundishwa kwa hadithi ya kobe kusimama, kujikunja kidogo, kuvuta pumzi, kisha kutamka tatizo na hisia iliyowapata. Zoezi hilo hueleweka kwa dakika chache, lakini huwa mazoea pale tu mtu mzima aliyeko uwanjani anapomkumbusha mtoto kwa upole wakati amekwisha kukunja ngumi. Mwezeshaji kutoka nje hayupo wakati huo. Yupo mwalimu wa zamu, na kama mwalimu huyo mwenyewe hutatua kila mzozo kwa kufoka na kumfedhehesha mtoto mbele ya darasa, basi mtoto amefundishwa mambo mawili yanayopingana, na ataliamini aliloliona. James Comer, daktari wa magonjwa ya akili, alilizingatia hili mapema alipoanza kazi yake katika shule za New Haven, Marekani, mwaka 1968: alishughulikia kwanza mahusiano kati ya walimu, wazazi na uongozi wa shule.

Hali kadhalika, kuna programu zilizoshindwa, nazo zinafundisha mengi. Nchini Uingereza, tathmini ya SEAL, mpango wa kufundisha stadi hizi, kwa shule za sekondari, iliyotolewa mwaka 2010, haikuona athari ya maana kwa wanafunzi. Shule zilikuwa zimeachiwa uhuru mpana wa kuchagua cha kutekeleza, na utekelezaji ukatofautiana mno. Mwaka 2022 utafiti wa MYRIAD, uliohusisha shule 85 na wanafunzi zaidi ya 8,000, ulionyesha kwamba mafunzo ya utulivu wa akili (mindfulness), yaani mazoezi ya kuelekeza umakini kwenye wakati uliopo, yaliyotolewa kwa darasa zima hayakuwazidi masomo ya kawaida ya kijamii na kihisia.

Kuhusu upimaji, nina msimamo ambao baadhi ya wenzangu hawaupendi. Dodoso linalomtaka mtoto ajipime mwenyewe lina kasoro ya msingi, kwa kuwa mtoto aliyejifunza kuzitambua hisia zake anaweza kuripoti wasiwasi mwingi kuliko alioripoti mwanzoni, ilhali amepiga hatua. Kwa hiyo hushauri matokeo yatumike kuikagua programu, yakiambatanishwa na uchunguzi wa darasani na kumbukumbu za nidhamu, na yasiandikwe kamwe kwenye ripoti ya mwanafunzi kama alama zake.