Istilahi za Fasihi katika Somo la Kiingereza: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu aliwahi kunionyesha kurasa za mwisho za daftari lake la Kiingereza, ambako alikuwa amenakili istilahi za fasihi kwa mpangilio wa alfabeti, kila moja na fasili yake, zote zimepigiwa mstari kwa wino mwekundu. Alizitaja zote bila kuchungulia. Nilipomwekea ubeti mmoja wa shairi asilowahi kuliona na kumwomba anionyeshe lolote kati ya hayo aliyoyakariri, aliutazama ubeti, akalitazama daftari, kisha akasema kwamba shairi hilo halina kitu. Ubeti wenyewe ulikuwa na sitiari mbili, yaani kitu kuitwa kingine bila neno la kulinganisha, na kinaya. Kijana huyu hakuwa mvivu hata kidogo. Alikuwa ameamini mambo kadhaa ambayo wanafunzi wengi huyaamini, na mengine kati ya hayo hata sisi walimu huyapitisha darasani bila kuyahoji.

Gharama ya imani hizo huonekana kwenye mtihani. Nchini Kenya, ambako lugha na fasihi ya Kiingereza hufundishwa kama somo moja, karatasi ya pili ya KCSE, mtihani wa kitaifa wa kumaliza shule ya sekondari, imekuwa na alama 80: ufahamu 20, dondoo kutoka kwenye kitabu teule 25, ushairi au fasihi simulizi 20, na sarufi 15. Ukiiondoa sarufi, alama 65 humwendea yule anayejua kusoma matini na kuyaeleza anayoyaona ndani yake.

"Aliyeijua fasili ameijua istilahi"

Fasili yenyewe ni nadra kuulizwa. Katika maswali ya mtindo, mtahiniwa hutakiwa aitambue mbinu, aitolee mfano kutoka kwenye matini, na mara nyingi aeleze ufanisi wake. Hapo kwenye ufanisi ndipo kalamu nyingi hukwama, na jibu linaloandikwa huwa lile lile: mbinu hii imeifanya hadithi ivutie. Jibu hilo linaweza kuwekwa chini ya hadithi yoyote iliyowahi kuandikwa, kwa hiyo halisemi lolote kuhusu hadithi iliyo mezani.

Tuchukue sentensi inayosema kwamba basi kuukuu lilipanda kutoka Mai Mahiu likikohoa. Kutaja tashihisi, yaani kukipa kitu kisicho hai sifa za kiumbe hai, ni hatua ya kwanza. Hatua ya pili ni kulionyesha neno linaloibeba, yaani "likikohoa", ambalo ni tendo la kiumbe mwenye mapafu. Kazi kubwa iko katika hatua ya tatu. Kikohozi huja kwa kukatika-katika, hivyo tunasikia jinsi injini inavyozima pumzi na kushika tena. Kikohozi vilevile ni dalili ya uzee au maradhi, hivyo tunaanza kuwaonea wasiwasi abiria kabla mwandishi hajatamka neno hatari. Mwanafunzi anayeweza kuandika sentensi hizo mbili, hata jina la mbinu likimponyoka, ameielewa tashihisi kuliko yule mwenye orodha ya wino mwekundu.

"Palipo na 'like' au 'as' pana tashbihi"

Kanuni hii hufundishwa kwa nia njema kwa watoto wa shule ya msingi, kisha huachwa ikue bila kupogolewa. Neno "like" lina maana ya kupenda pia, na "as" huweza kumaanisha wakati au sababu. Hakuna Mswahili anayedhani kwamba "kama mvua itanyesha tutabaki nyumbani" ni tashbihi, ingawa neno "kama" limo. Zaidi ya hapo, kusema kwamba Juma ni mrefu kama kaka yake ni ulinganisho wa kawaida kati ya watu wawili. Tashbihi huhitaji vitu vya jinsi mbili tofauti vikutanishwe kwa sifa moja: mtu na mlingoti, sauti na asali, deni na kupe.

"Vina huonekana kwa macho"

Hili ndilo kosa ambalo msemaji wa Kiswahili hulifanya kwa sababu njema kabisa, na sijui kwa nini vitabu vya kiada hulipita haraka namna ile. Tahajia ya Kiswahili hufuata matamshi, kwa hiyo katika shairi letu la arudhi, yaani lenye kufuata kanuni za vina na mizani, jicho na sikio hukubaliana: "simba" na "komba" zina kina cha "mba", na anayesoma kimyakimya hukiona sawa na anayeghani. Kwa Kiingereza, macho hudanganya. Maneno "blue", "shoe", "two" na "through" yana vina vinavyolingana ingawa sauti hiyo ya mwisho imeandikwa kwa herufi tofauti katika kila moja, ilhali "cough", "though" na "bough" hayana vina hata kama miisho yake inafanana herufi kwa herufi. "Love" na "move" zimewanasa wengi.

Kuna tofauti nyingine iliyojificha zaidi. Kina chetu hukaa katika silabi ya mwisho, bila kujali mkazo. Kina kamili cha Kiingereza huanzia kwenye irabu ya mwisho yenye mkazo na kuendelea hadi mwisho wa neno. Kwa sababu hiyo "running" na "singing" hazina kina kamili, ijapokuwa zote mbili huishia kwa silabi ambayo kwa sheria za Kiswahili ingetosheleza. Mwanafunzi anayeandika kwamba mishororo hiyo ina vina hajakosa akili. Ametumia sheria sahihi mahali ambapo haitumiki.

Urudiaji wa sauti mwanzoni mwa maneno hufuata mkondo huo huo wa sikio. "Phone" na "fish" zinarudia sauti moja. "City" na "cat" hazirudii, wala "king" na "knight", kwa kuwa herufi ya kwanza ya "knight" haitamkwi. Dawa ni kusoma shairi kwa sauti, hata kwa mnong'ono. Katika karatasi ya kwanza ya KCSE, ambako stadi za kuzungumza zimekuwa zikipewa alama 30 kati ya 60, maswali ya vina na herufi zisizotamkwa huulizwa kwa maandishi, na mtahiniwa hulazimika kuisikia sauti kichwani katika chumba kilichonyamaza.

Tanakali za sauti, yaani maneno yanayoiga milio, nazo zina mtego wake. Kwetu ni maneno yanayosimama peke yake: alianguka majini chubwi, gunia lilitua tifu. Kwa Kiingereza mara nyingi sauti hiyo hujificha ndani ya kitenzi au nomino ya kawaida, kama "buzz", "hiss" na "splash". Anayetafuta mlio uliotengwa na alama ya mshangao huipita mifano hiyo bila kuiona.

"Kinaya ni mkosi"

Harusi ikinyeshewa, hiyo ni bahati mbaya. Ikinyeshewa harusi ya mtu anayelipwa na kijiji kizima kuzuia mvua, hapo pana kinaya, kwa sababu tukio limegongana uso kwa uso na kile kilichotarajiwa. Hiki ni kinaya cha tukio. Kipo kinaya cha usemi, ambapo msemaji hutamka kinyume cha anachomaanisha, na kikiwa na nia ya kuumiza huwa kejeli. Cha tatu ni kinaya cha kidrama, ambapo hadhira inajua jambo ambalo mhusika halijui. Katika tamthilia ya Henrik Ibsen ya mwaka 1879, A Doll's House, ambayo iliwahi kuwa kitabu teule nchini Kenya, Torvald anamhubiria mkewe kuhusu mama waongo wanavyowaharibu watoto wao, ilhali sisi tunajua kwamba Nora aliyesimama mbele yake alighushi sahihi ya baba yake ili apate mkopo wa kumtibu Torvald huyo huyo. Kila neno la mume linamchoma mke, naye mume hana habari.

"Maudhui, dhamira, 'theme': yote ni neno moja"

Mwanafunzi wa Kenya huandika kwamba hadithi ina maudhui ya ufisadi. Mwenzake wa Tanzania huandika kwamba ina dhamira ya ufisadi, kwa kuwa kwake maudhui ni jina la jumla la yale yote yasiyo fani, yaani yasiyo namna kazi ilivyosanifiwa: dhamira, ujumbe, migogoro, falsafa na msimamo. Nchini Kenya dhamira huelekea kumaanisha lengo la mwandishi. Hakuna aliyekosea, ila akiingia darasa la Kiingereza na mazoea hayo bila kuambiwa, kila mmoja hutafsiri "theme" kwa namna yake.

Kosa la pande zote mbili ni kudhani kwamba neno moja linatosha. Ufisadi ni mada. Kile ambacho kazi ya fasihi inakisema kuhusu ufisadi, kwa mfano kwamba huwala kwanza wale walioukubali kwa ajili ya watoto wao, ndicho kinachohitaji kutetewa kwa ushahidi kutoka kwenye matukio. Swali linapotaka insha, anayeandika "ufisadi" na kuorodhesha wahusika wafisadi amebaki kwenye kichwa cha habari.

Jozi nyingine inayochanganywa ni "tone" na "mood". La kwanza ni msimamo wa anayesema kuhusu anachokisema. La pili ni hali ya moyo inayomfunika msomaji. Mazishi yanaweza kusimuliwa kwa mzaha na msomaji akabaki na huzuni nzito, hivyo kuandika kwamba toni ni ya huzuni kwa sababu kuna jeneza ni kubahatisha.

"Anayesema katika shairi ni mshairi"

Kiswahili kina neno zuri la kuliondoa tatizo hili, nalo ni nafsineni, yaani sauti inayosema ndani ya shairi. Mwanamume anaweza kuandika shairi ambalo nafsineni yake ni mjane, mtoto au hata mti uliokatwa. Yapo mashairi ambamo wawili hao hukaribiana sana: Mwana Kupona, katika utendi wake wa mwaka 1858, anamwusia binti yake mwenyewe. Lakini hayo tunayajua kutokana na historia, na katika chumba cha mtihani, shairi likiwa geni, historia hiyo haipo. Salama ni kuandika "nafsineni", au neno lake la Kiingereza, "persona".

"Majibu yote ya ufahamu yamo kwenye kifungu"

Yamo, ila mengi hayakuandikwa. Mwandishi akisema kwamba mama alizihesabu sarafu mara tatu kisha akarudisha mkate kwenye rafu, hakuna mahali alipoandika umaskini wala aibu, na mwanafunzi anayewinda sentensi ya kunakili hutoka mikono mitupu. Maswali ya kudokeza hupimwa hapo. Muhtasari nao hauishi kwa kukata sentensi za kifungu na kuzibandika: huanza kwa kuchagua hoja zinazojibu swali na kuacha mifano, hata iwe mizuri vipi, ndipo idadi ya maneno iliyowekwa itoshe.

Mwisho ni maswali ya msamiati, yanayotaka maana ya neno jinsi lilivyotumika. Maneno hayo ya mwisho, "jinsi lilivyotumika", ndiyo yanayorukwa. Katika kifungu kimoja daktari alitoka chumba cha upasuaji na kusema na jamaa wa mgonjwa kwa sauti iliyoelezwa kuwa "grave". Mgonjwa alikuwa amepona. Hata hivyo, kwenye karatasi zaidi ya moja nilizosahihisha, sauti nzito ya daktari ilikuwa imegeuka kuwa kaburi, na mtahiniwa mmoja, akitaka mambo yaelewane, alimzika mgonjwa katika muhtasari wake.