Kutoa thermostati hakupoozi injini

Kampala ukiwa na gari la spoti la zamani, tuseme Toyota Celica ya 1994, halafu lipandishe joto, fundi wa kwanza atakwambia toa thermostati, ile vali ndogo kwenye njia ya maji ya injini, hiyo ni ya nchi za baridi. Sio kweli jamani! Ndani yake kuna nta, ikipata joto inatanuka na kusukuma vali, maji yanaenda rejeta kupozwa. Ukiitoa injini inachelewa kupata moto wake, inakunywa petroli na inalika mapema, na kwenye injini zenye bypass (njia ya mkato ya kurudisha maji kwenye injini) inayofungwa na thermostati yenyewe, maji mengi yanarudi tu bila kupita rejeta, joto linazidi.

Ipime mwenyewe. Ifunge uzi uining'inize kwenye sufuria ya maji juu ya sigiri, isiguse chini, mi yangu ilianza kufunguka taratibu kabla maji hayajachemka, kumbe nzima. Kosa lilikuwa kifuniko cha rejeta, mpira wake umepasuka. Na kifuniko ni muhimu sana huku juu kwetu, Kampala iko kama mita 1,200, maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, presha ya kifuniko ndo inazuia yasichemke. Usikifungue injini ikiwa moto, utaungua.