Kikapu hakina sare, lakini si nusu kwa nusu

Vijiweni Mtwara, kuanzia Chikongola hadi Mikindani, utasikia: mpira wa kikapu hauna sare, kwa hiyo kubeti ni nusu kwa nusu. La kwanza ni kweli. Timu zikilingana pointi baada ya robo nne, huongezwa dakika 5, tena na tena, hadi apatikane mshindi. La pili siyo.

Tazama odi, yaani namba inayozidishwa na dau lako ukishinda. Timu zinazolingana nguvu hazipewi 2.00 kila moja. Mara nyingi ni kama 1.90. Weka shilingi 1,000 kila upande: umetoa 2,000, unarudishiwa 1,900. Hiyo 100 ni ya kampuni, ashinde yeyote.

Zikipishana nguvu huja hendikapu, yaani pointi ambazo timu hukatwa au kuongezwa kwenye hesabu ya beti, na hapa ndipo mikeka (tiketi za beti) mingi huchanika. Ukichukua -7.5, timu yako lazima ishinde kwa pointi 8 au zaidi. Ikishinda 110 kwa 104 utashangilia, kumbe umeliwa. Jumla ya pointi ni nyepesi: unabashiri kama pointi za timu zote mbili zitakuwa juu au chini ya mstari uliowekwa. Mstari ukiwa 214.5, matokeo hayohayo ni chini, kwa nusu pointi tu (inauma!).

Kwa kawaida muda wa nyongeza huhesabiwa. Ila soma masharti: soko la matokeo matatu (ashinde huyu, ashinde yule, au sare) huishia robo ya nne, na humo sare ipo.