Yanayosemwa kuhusu juisi ya matunda mabichi, na ukweli wake

Ramadhani ikiingia, Mombasa nzima hunukia ukwaju na pasheni. Alasiri blenda zavuma kuanzia Majengo hadi Likoni, na magharibi ikifika kila meza ina jagi lake: la embe, la tikiti, la parachichi na maziwa. Nyumbani kwetu juisi hizi hazikosekani hata nje ya mfungo, na ninazipenda kwa dhati. Ndiyo maana huniuma nikisikia mambo yanayosemwa juu yake Marikiti, ndani ya matatu na kwenye makundi ya WhatsApp ya familia. Mengine ni makosa madogo tu, lakini mengine yamelaza watu hospitalini.

"Sukari ya tunda haidhuru, ni ya asili."

Hii ndiyo inayotudanganya zaidi. Glasi ya mililita 250 ya juisi ya machungwa hula machungwa matatu au zaidi, na ndani yake mna gramu 20 za sukari au kupita kidogo, yaani kama vijiko vitano vya chai. Ukikaa kuyamenya machungwa hayo na kuyala, huenda ukashiba kabla hujayamaliza, kwa kuwa nyuzinyuzi zake hujaza tumbo na kuichelewesha sukari kuingia kwenye damu. Tukikamua na kuchuja, nyuzinyuzi hubaki kwenye chujio zikatupwa, na sukari hushuka yote kwa mkupuo mmoja.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, liliiweka sukari ya juisi ya matunda kwenye fungu moja na sukari ya dukani na asali. Likashauri zote kwa jumla zisizidi asilimia 10 ya nishati anayopata mtu kwa siku, na ni bora zaidi zikishuka chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25. Glasi moja ambayo haikutiwa hata punje ya sukari imekaribia kiwango hicho. Nasi huku twaongeza sukari juu yake, kisha twashangaa mbona nyumba haikosi mgonjwa wa kisukari. Wanaotia asali badala ya sukari nao hawajaepuka kitu.

Kwa watoto, chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilishauri mwaka 2017 kwamba mtoto asipewe juisi kabla ya kutimiza mwaka, na wa mwaka mmoja hadi mitatu asizidishiwe mililita 120 kwa siku.

Mimi nimeacha kuchuja. Embe la ngowe lililoiva sawasawa, nusu tango, kipande cha tangawizi na maji baridi, vyote ndani ya blenda, kisha nakunywa na nyama yake. Halihitaji sukari kabisa. Pera tu ndilo nalipitisha kwenye chujio la matundu makubwa, mbegu zitoke na nyama ipite, nalo lina vitamini C karibu mara nne ya chungwa, kwa bei ndogo. Juisi nzito kama hii bado ina sukari yake, kwa hiyo glasi moja hunitosha.

"Bitiruti yaongeza damu."

Rangi ndiyo iliyozua haya. Wekundu wa bitiruti watokana na betanini, ambayo haina uhusiano wowote na damu, na ndiyo hiyo hiyo huwatisha watu wakiona mkojo umegeuka mwekundu asubuhi yake. Gramu 100 za bitiruti mbichi hazifikishi hata miligramu 1 ya madini ya chuma, ilhali mjamzito ahitaji takriban 27 kwa siku. Foleti, ambayo ni vitamini ya jamii ya B, inayo ya kutosha, nayo husaidia kutengeneza chembe za damu, lakini aliyepungukiwa chuma hawezi kukipata kwa jagi la bitiruti. Bora maini, samaki, maharagwe, ndengu, pamoja na vidonge anavyopewa kliniki. Akikamulia ndimu kwenye mboga yake na kuisogeza chai mbali na saa ya chakula, chuma cha mboga hiyo kitaingia vizuri zaidi.

Sifa ya kweli ya bitiruti ni nyingine: ina naitreti, ambazo mwilini hulegeza mishipa na kuteremsha presha kidogo. Kidogo, nasema. Vidonge vya presha havibadilishwi na glasi.

"Karela na stafeli ni dawa, tupa vidonge."

Hapa nasema kwa uchungu. Khalati yangu ana sukari, na alipoambiwa juisi ya karela yatosha, aliviweka vidonge kabatini. Kila alfajiri alisaga karela mbichi, akaziba pua, akanywa. Nilipomuuliza alinijibu, "Mwanangu, hii haina kemikali." Wiki chache baadaye alianza kuona ukungu, kiu haimwishi, usiku mzima yuko njiani kwenda msalani. Alipopimwa sukari ilikuwa imepaa, akalazwa.

Karela yaweza kushusha sukari kwa kiasi fulani, ila matokeo ya utafiti kwa watu hayajalingana, na anayeinywa pamoja na vidonge bila daktari kujua, sukari yake yaweza kushuka mno ghafla. Stafeli nayo husifiwa kuponya saratani. Kilichoonekana ni cha maabara, kwenye chembe na wanyama, wala haijathibitishwa kumponya binadamu. Tena kisiwani Guadeloupe, watafiti walieleza mwaka 1999 kuhusu ugonjwa unaofanana na Parkinson, ule wa kutetemeka na kukakamaa mwili, ulioonekana kwa watu waliotumia sana matunda ya jamii ya stafeli na chai ya majani yake. Kulila tunda likiwa msimu wake hakuna shaka. Kulinywa kila siku kama dozi ni jambo jingine.

Mbirimbi pia. Sisi twaijua kwa achari. Kule Kerala, India, madaktari wameandika kuhusu watu walioharibikiwa figo ghafla baada ya kunywa juisi nzito ya mbirimbi ili wateremshe kolesteroli, kwa sababu ya asidi ya oksaliki iliyojaa ndani yake. Na anayetumia dawa fulani za kolesteroli au presha amuulize mfamasia kabla ya kunywa juisi ya balungi: huzuia kimeng'enya kinachovunja dawa hizo tumboni, kipimo cha kawaida kikawa kikubwa mno.

"Juisi ya kijani husafisha sumu mwilini."

Kazi hiyo hufanywa na ini na figo, usiku na mchana. Anayekunywa juisi tupu siku saba hupungua uzito, kwa vile hajala, na sehemu kubwa ni maji na misuli.

"Blenda yaua vitamini."

Dakika mbili za kusaga hupoteza kidogo sana. Karoti hata hufaidika: ikisagwa na kuongezwa mafuta kidogo, kama kipande cha parachichi au tui la nazi, mwili hupata karotini, ambayo huigeuza kuwa vitamini A, nyingi kuliko kwa karoti iliyotafunwa nzima.

"Tunda na maziwa ni sumu."

Si kweli. Ila nanasi bichi au papai likikaa na maziwa, vimeng'enya vyake huvunja protini na juisi huwa chungu, pengine ndipo watu walipoogopa. Inywe mara moja.

"Kibichi ndicho salama."

Si kila kibichi. Kisamvu kibichi kina viini vinavyotoa sumu ya sayanidi, kwa hiyo hakisagwi kwa juisi kamwe. Lazima kitwangwe na kupikwa sana. Mchicha na matunda huoshwa kwa maji yanayotiririka, hata tikiti ambalo ganda lake haliliwi, kwani kisu hupeleka uchafu ndani. Juisi iliyokaa saa mbili kwenye joto letu si ya kunywa tena.

Mara nyingi tatizo huwa barafu. Mji huu waijua kipindupindu, na kuganda hakuui vijidudu vyake. Maji ya kusagia na ya barafu yawe yamechemshwa au kutiwa klorini. Ukiwa barabarani, muulize muuzaji barafu yake ni ya maji gani, na akisitasita, mwambie akutilie bila barafu.