Liberty University: chuo cha walokole kilichojengwa na watu ambao hawajawahi kukanyaga kampasi

Msimu wa kuomba vyuo vya nje ukianza tu najua kuna swali litaingia, na mara nyingi linatoka kwa vijana wa makanisani: hivi Liberty University ya Marekani ni chuo kweli au ni duka la vyeti? Kazi yangu ni kushauri watu wanaoomba kusoma nje na kuwasomea makaratasi ya vyuo kabla hawajatoa hela, kwa hiyo nimeona bora niandike mara moja nikiulizwa natuma link.

Ni chuo kweli. Kina ithibati ya SACSCOC tangu 1980, chombo hichohicho kinachokagua vyuo vinavyoheshimika kama Duke na Vanderbilt, kwa hiyo habari ya duka la vyeti tuiweke pembeni. Mimi swali linalonivutia ni lingine kabisa: chuo cha kanisa moja la Kibaptisti kwenye mji mdogo wa Virginia kimepataje wanafunzi wengi kuliko watu wa mji wenyewe? Maana Lynchburg ina wakazi kama 79,000, na chuo kinahesabu zaidi ya wanafunzi 130,000. Walioko pale mjini ni kama 16,000 tu, waliobaki wote wako majumbani kwao na laptop.

Wengi wanadhani jibu ni siasa. Mwanzilishi ni mchungaji Jerry Falwell, mzaliwa wa Lynchburg hapohapo, aliyeanzisha kanisa la Thomas Road mwaka 1956 kwenye jengo lililokuwa kiwanda cha soda, muda si mrefu akaingia redioni na kwenye TV, na 1971 akaanzisha chuo pamoja na Elmer Towns kikiwa na wanafunzi 154, jina likiwa Lynchburg Baptist College. Mwaka 1979 akaanzisha Moral Majority, lile kundi lililowasukuma walokole wa Marekani kwenda kupiga kura na likampigia debe Ronald Reagan awe rais. Tangu hapo mwanasiasa wa Republican akitaka kura za makanisani anapita Liberty, seneta Ted Cruz alitangazia palepale kwamba anagombea urais, Machi 2015, na Trump akaja Januari 2016. Hata Bernie Sanders, seneta wa mrengo wa kushoto, alikuja akahutubia, Septemba 2015, na vijana wakamsikiliza kwa heshima kabisa.

Sawa, lakini umaarufu haulipi mishahara. Miaka ya themanini mwishoni, baada ya kashfa za wahubiri wengine wa TV kina Jim Bakker na Jimmy Swaggart, watu waliacha kutuma sadaka kwa wahubiri wa TV wote, mwema na mbaya, na Liberty iliyokuwa inategemea sadaka hizo ikajikuta na deni la karibu dola milioni 100. Kilichosaidia kuishi ni marafiki wenye hela na wadai waliokubali kukaa mezani. Kwa hiyo ule wakati Falwell yuko kwenye TV kila wiki, chuo chake kilikuwa kinahema juujuu.

Kitu kilichokuja kukibeba kilikuwa tayari kipo kwenye kona, hakuna aliyekiangalia. Tangu 1985 Liberty ilikuwa na kitengo cha masomo ya mbali, yaani wanarekodi mihadhara kwenye kaseti za VHS wanakutumia kwa posta, unaangalia sebuleni kwako, unafanya kazi zako unarudisha. Basi intaneti ilipokuja wenyewe walishakuwa na mazoea ya kufundisha mtu wasiyemwona, wakati vyuo vikubwa vyenye majina bado vinajadiliana kama kusoma mtandaoni ni kusoma kweli.

Sasa hapa ndo pa kusoma taratibu. Mwaka 1992 Bunge la Marekani lilichoshwa na shule za posta zilizokuwa zinakula mikopo ya wanafunzi, likaweka kanuni kwamba chuo ambacho zaidi ya nusu ya kozi zake au zaidi ya nusu ya wanafunzi wake ni wa mbali hakipati hela ya msaada wa serikali. Maana yake hata ukiwa na kozi nzuri za mtandaoni kuna dari, huwezi kukua kuliko kampasi yako. Februari 2006 kanuni hiyo ikaondolewa kwa masomo ya mtandaoni, na waliopigania zaidi ni vyuo vya biashara, yaani vinavyoendeshwa kwa faida, kama University of Phoenix, siyo walokole. Lakini mlango ukifunguka unapita yeyote aliye karibu nao.

Mei 2007 Falwell akafariki. Bima yake ya maisha ikalipa mamilioni ya dola, madeni ya chuo yakafutwa, na mwanawe Jerry Falwell Jr., mwanasheria siyo mchungaji, akashika usukani. Fikiria hiyo hali: huna deni, dari imeondolewa, una uzoefu wa miaka ishirini wa masomo ya mbali, halafu 2008 uchumi unaanguka na watu wazima waliopoteza kazi wanatafuta digrii. Mwaka 2009 ikaanza kutumika na sheria mpya ya kuwasomesha wanajeshi waliotumikia baada ya 2001, na Liberty ikawawekea wanajeshi ada ya chini.

Mashine yenyewe iko hivi. Kozi inatengenezwa mara moja, inafundishwa kwa wiki nane, inarudiwa tena na tena, wanaosahihisha wengi ni walimu wa mkataba walioko popote, na kule Lynchburg kuna watu wanakaa kwenye simu wakiwapigia walioonesha nia ya kujiunga. Ada inalipwa kwa mikopo na ruzuku za serikali kuu, mwaka 2017 wanafunzi wake walipata zaidi ya dola milioni 700 kutoka wizara ya elimu peke yake. Na kwa sababu Liberty kisheria ni shirika lisilo la faida, ile kanuni inayokataza vyuo vya biashara kutegemea hela ya serikali kwa zaidi ya asilimia 90 haiwahusu. Phoenix wakabanwa, vyuo vingine vya biashara navyo vikaanguka, Corinthian ikafungwa 2015, ITT ikafuata 2016, Liberty ikabaki imesimama. Mimi sioni kama huo ni utapeli, ni kusoma sheria vizuri kuliko wenzako. Ila wahubiri wanaosema serikali iwe ndogo kujengewa chuo na mikopo ya serikali, hilo kila nikilifikiria nacheka.

Hela ya mtandaoni ndo ilijenga yale mnayoyaona YouTube: mnara wa Freedom Tower, kilima cha kuteleza bila theluji, skuli ya udaktari iliyofunguliwa 2014, timu ya futiboli ya Kimarekani iliyoshinda mechi 13 mfululizo 2023 kabla ya kwenda kupigwa 45 kwa 6 na Oregon. Anayesoma usiku jikoni baada ya kulaza watoto ndiye aliyelipia, na hayo mambo yote hayagusi.

Wanaoishi kampasi wana Liberty Way, kanuni za mwenendo: pombe hakuna, ngono nje ya ndoa hakuna, na ibada ya pamoja wanayoiita Convocation ni lazima. Kampasi hiyohiyo ndiyo iliyoleta aibu kubwa. Falwell Jr. alijiuzulu Agosti 2020 kwa kashfa ya maisha yake binafsi, na Machi 2024 wizara ya elimu ikakipiga chuo faini ya dola milioni 14 kwa kutoripoti uhalifu inavyotakiwa, ukiwemo unyanyasaji wa kingono, faini kubwa kuliko zote zilizowahi kutolewa chini ya Clery Act, sheria inayovitaka vyuo viripoti uhalifu. Mzazi unayepeleka binti usiishie kuangalia picha za kwaya, soma na hiyo.

Sasa wewe wa Dodoma au Eldoret. Ile mikopo niliyoieleza ni ya raia wa Marekani na wenye makazi ya kudumu, ndugu yako mwenye green card anaipata, wewe hupati, kwa hiyo bei inayoonekana nafuu kwao kwako ni keshi. Kusoma mtandaoni hakukupi viza, mwenye viza ya mwanafunzi, ile ya F-1, anaruhusiwa kuhesabu somo moja tu la mtandaoni kwa muhula. Na kabla hujalipa chochote waulize tume ya vyuo vikuu ya nchini kwako, TCU kwa Tanzania au CUE kwa Kenya, watakitambuaje cheti cha kozi hiyohiyo kwa njia hiyohiyo ya kusoma, majibu yawe ya maandishi. Ukitaka kwenda Lynchburg kwenyewe basi anza na taarifa ya benki, maana fomu ya I-20, ile ambayo chuo kinakupa ya kuombea viza, haitoki mpaka uoneshe hela ya mwaka wa kwanza ipo.